Bi Mboja na Pepo Asiye na Jina

Paukwa!

Pakawa!

Mmh. Hiyo ndiyo pakawa? Mbona mnaitikia kama watu waliolala na njaa? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Lakini nasema mapema: wanaume msiinuke. Nawajua. Mkisikia hadithi ina wasichana ndani yake, ghafla mnakumbuka mna ng'ombe wa kufunga. Ng'ombe gani? Kaeni. Hadithi hii ina baba pia, na baba huyo anafanana na watu fulani humu ndani, sitaji mtu.

Hapo zamani za kale paliondokea kijiji. Hakikuwa kikubwa, hakikuwa kidogo. Mtu akipiga chafya upande wa juu, upande wa chini wanamwombea afya. Katika kijiji hicho aliishi msichana akiitwa Kidawa, binti wa Mzee Shomari na Bi Sanura. Alikuwa ameshavunja ungo, ameshachezwa, ameshatolewa nje. Mwari mwenye adabu zake! Akipita kisimani watu husema, "Mtoto wa Shomari huyo. Hata kuku hawafukuzi kwa kelele."

Lakini.

Kila mwezi, mwandamo ukishapita na mwezi ukaanza kunona kule juu, Kidawa alibadilika. Matiti yalimuuma hata kanga ikimgusa. Tumbo lilijaa, kichwa kiligonga, machozi yalitoka bila kuitwa. Na masikio yake, loo! Yalisikia kila kitu. Yalimsikia kuku akitembea. Yalimsikia panya akifikiri. Na zaidi ya yote yalimsikia baba yake akinywa uji.

Frrrup! Anameza. Frrrup! Anameza.

Kidawa anauma meno. Frrrup! Kidawa anafumba macho. Frrrup!

"Baba! Unakunywa uji au unaukoromea?"

Bakuli likabaki hewani. Bi Sanura akashika kifua. Msichana aliyekuwa hafukuzi kuku kwa kelele!

"Kidawa, una nini leo?" mama yake akauliza.

"Sijui!"

"Hujui?"

"Sijui, jamani, niacheni!" Na mwiko aliokuwa ameushika ukaruka, ukagonga ukuta, paa! Kisha akaketi chini akalia kwa kwikwi, na alipoulizwa analilia nini akasema anaulilia mwiko.

Na kweli alikuwa hajui. Makungwi walimfunza mengi alipokuwa ndani. Walimfunza siku zake zikija ajistiri vipi, kitambaa akikunje vipi, akifue wapi. Siku za damu alizijua. Siku zinazotangulia damu hakuna aliyemtajia hata kwa kikohozi. Basi zikimshika, alidhani ameharibika. Siku chache baadaye aliingia mwezini, na yote yakayeyuka. Akabaki na aibu yake, anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Mama yake alivumilia, akavumilia, mwisho akasema, "Huyu si mwanangu. Huyu ana mtu."

Kwa wasiojua: mtu akisemwa ana mtu, maana yake amepandwa na pepo. Na dawa ya pepo katika kijiji hicho ilikuwa Fundi Machano. Fundi alikuwa na kofia ndefu, tumbo lililomtangulia mlangoni, na ngoma ambayo ikilia hata vipofu waligeuka kutazama. Akaitwa. Akaja. Ubani ukafukizwa, watu wakajaa uani, Kidawa akaketishwa kitini katikati.

Ndu-ndu-ndu, kacha! Ndu-ndu-ndu, kacha!

Sasa sikilizeni adabu za watu wale mbele ya pepo. Hakuna aliyethubutu kumkaripia. Fundi Machano alipiga goti, jitu zima lile, akasema kwa sauti ya asali:

"Ewe mgeni mtukufu! Karibu kiti. Umetoka wapi?"

"Jikoni," akasema Kidawa.

"Pepo wa jikoni!" Fundi akawatangazia watu. "Wabaya hao. Jina lako nani, mtukufu?"

"Kidawa binti Shomari. Na wewe unanijua, ulikula pilau ya akika yangu mpaka ukalala pale pale."

"Anajificha nyuma ya jina la mtoto! Mjanja huyu!" Fundi akapangusa jasho. "Basi sema, mtukufu, unataka nini? Chochote utapewa."

Swali hilo lilimshangaza Kidawa. Tangu mateso yale yaanze, watu walikuwa wamemwuliza una nini, umekuwaje, nani kakuroga. Unataka nini, hakuna aliyemwuliza.

"Nataka kulala," akasema. "Nataka mtu asinisemeshe. Nataka ndimu na chumvi. Na Baba akanywe uji wake nje."

Weee! Watu walikimbizana! Mkeka mpya ukatandikwa. Ndimu zikaletwa kwenye sinia. Mzee Shomari akatolewa nyumbani mwake na bakuli lake mkononi, akaenda kukoromea uji nyuma ya banda la mbuzi. Kidawa akalala fofofo. Alipoamka siku zake zilikuwa zimeingia, na moyo wake mweupe.

"Pepo katoka!" Vigelegele! Fundi Machano akaondoka na beberu.

Mmeona lakini? Msichana akisema anataka kulala, anaambiwa mvivu huyo, ataolewa na nani. Pepo akisema anataka kulala, anatandikiwa mkeka mpya. Haya, tuendelee, maana nikianza kukasirika sasa hatutafika.

Mwezi ukafa, ukaandama mwingine. Ukaanza kunona. Frrrup! Na mambo yakawa yale yale, mwiko ukaruka tena, na safari hii ukaambatana na kifuniko cha chungu. Ndu-ndu-ndu, kacha! Fundi akaja, akamtazama Kidawa, akatikisa kichwa.

"Amerudi. Na safari hii kaja na wakwe zake."

Jirani palikuwa na shoga yake Kidawa, jina lake Mwatima. Naye tumbo lilimjaa, naye machozi yalimtoka, siku zile zile. Alipochungulia juu ya ua akaona ndimu, mkeka mpya na watu waliopiga magoti, akashika kichwa akapiga ukelele: "Na mimi ninaye!" Nyumba ya tatu wakasikia, binti yao naye akaanguka. Ya nne vile vile. Kijiji kizima ndu-ndu-ndu, kacha! Huku ndu-ndu-ndu, kule kacha! Fundi Machano alikimbia ua kwa ua mpaka kofia ikapotea, sauti ikakauka, ngozi ya ngoma ikapasuka, pwaa!

Hapo Fundi akaudhika. Aliudhika kweli, maana pepo wengi kiasi hicho walianza kumwaibisha. Akamwita Mzee Shomari mbele ya watu akasema:

"Mzee, shina la haya yote ni mwanao. Pepo wake ndiye anayewaita wenzake. Baada ya leo hapungwi tena hapa. Atanyolewa nywele, atavushwa mto, atakwenda kukaa kilingeni kwangu amtumikie pepo wake mpaka pepo achoke."

"Pepo atachoka lini?" akauliza Bi Sanura.

"Pepo hachoki upesi."

Na kila mtu alijua. Wasichana waliovushwa mto ule zamani, wapo waliorudi na mvi, na wapo ambao watu waliacha kuwauliza.

Mzee Shomari alikuwa amechoka. Tangu pepo aje, hajanywa uji ndani ya nyumba yake. Akasema, "Achukuliwe. Siwezi kutukanwa kila mwezi na mtu nisiyemjua."

Kidawa aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Akaenda nyuma ya ghala akaketi peke yake. Aliogopa mto, aliogopa kunyolewa, lakini kilichomwogopesha zaidi ni kwamba labda walisema kweli. Akalitazama tumbo lake akanong'ona, "Kama umo, sema. Sina nguvu za kugombana. Niambie tu unataka nini, uniache nikae na mama yangu."

Akasikiliza. Tumbo likajibu: grrr. Ilikuwa njaa.

Sasa ndipo anapoingia Bi Mboja. Tulieni, maana huyu ndiye mwenye hadithi.

Bi Mboja alikuwa somo wa kijiji. Kila mwanamke pale alipita mikononi mwake akiwa mwari, kwa hiyo kila mwanamke alimwogopa, maana alikuwa anawajua tangu walipokuwa hawajui kujifunga kanga. Mfupi, mweusi ti, mdomo mwekundu wa tambuu, na ulimi wake usiseme. Siku zile za pepo hakuwapo. Alikuwa amekwenda mbali kumuuguza dada yake. Siku aliyorudi ndiyo siku Fundi Machano alikuwa akinoa wembe.

Akaingia uani bila hodi.

"Machano, hujambo?"

"Sijambo, shikamoo Bi Mboja," akasema Fundi, na wembe akauficha nyuma.

"Marahaba. Nasikia unavusha mtu mto. Tuko mwezi gani?"

"Mlisho, Bibi. Mwishoni."

"Mlisho mwishoni. Siku chache zijazo si ndiyo Ramadhani? Utafungua kilinge mwezi mtukufu?"

"Astaghfirullah!" Fundi akaruka. "Ramadhani mimi natundika ngoma, nashika tasbihi. Na kazi yenyewe itoke wapi? Ramadhani pepo wote wamefungwa minyororo. Mtoto mdogo anajua hilo."

"Wote?"

"Wote, Bibi."

"Hata hawa wa jikoni?"

"Hata wa jikoni."

"Hata wakwe zao?"

Watu wakacheka. Fundi akajikaza. "Hata wakwe zao! Hapati nafasi hata mmoja."

"Mmesikia nyote," akasema Bi Mboja, akawatazama watu mmoja mmoja. "Basi Shomari, mwanangu, mwache mtoto akae kwenu Ramadhani hii. Baada ya Idi, kama bado ana mtu, mimi mwenyewe nitamshika mkono nimvushe."

Mzee Shomari hakuona ubaya. Fundi naye alihitaji muda wa kuwamba ngoma mpya. Wakakubaliana.

Siku hiyo hiyo Bi Mboja akamwita Kidawa aje kusukwa. Na kusukwa na Bi Mboja, sikilizeni, hakukuwa kusukwa tu. Unakaa chini, kichwa kinabanwa katikati ya magoti, nywele ziko mkononi mwake. Utakimbilia wapi? Wanawake wengi walisema kweli yao ya kwanza wakiwa pale.

"Una pepo?" akauliza Bi Mboja.

"Wanasema ninaye, Bibi."

Akavuta nywele. "Ai!" "Sikuuliza wanasemaje. Nakuuliza wewe."

"Sijui, Bibi. Naogopa."

"Anakuja lini?"

"Mwezi ukianza kunona."

"Anaondoka lini?"

"Anaondoka..." Kidawa akahesabu kwa vidole. Jambo hilo halikuwa limempitia kichwani kamwe. "Anaondoka nikiingia mwezini."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Bi Mboja akaacha kusuka. Akacheka, akacheka, mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. "Yailahi! Pepo mwenye zamu! Anakaa, anaona damu inakuja, anasema karibu dada mimi napisha! Mwanangu, nimezeeka, pepo mwenye adabu hiyo sijamwona." Akafuta machozi. "Kidawa, huna mtu. Una mwili. Mwili wako unajitayarisha, na ukijitayarisha unavuruga nyumba, kama mtu anayetoa vyombo nje kabla ya kufagia. Mvua haiji bila mawingu. Sisi makungwi tuliwafunza mvua, mawingu tukayasahau."

Kidawa aligeuka ghafla, na msuko ukafumuka. "Kwa hiyo sijaharibika?"

"Tulia nisuke. Hujaharibika."

"Lakini nilimwambia Baba anaukoromea uji."

"Anaukoromea kweli! Tangu akiwa kijana. Siku nyingine humsikii?"

"Namsikia. Ila nanyamaza."

"Basi ndiyo hiyo. Sauti ni ile ile, siku hizo ngozi yako wewe ndiyo imekuwa nyembamba."

Kidawa alilia. Safari hii alijua analilia nini. Bi Mboja hakumkataza, aliendelea kusuka tu polepole, na mkono wake ukawa mwepesi.

Kesho yake akawaita wasichana wote. Wakaja na vichwa vyao na pepo zao. Bi Mboja akawaketisha duara, akawaambia waseme, kila mmoja mawingu yake yakoje, maana mficha maradhi kilio humfichua. Kidawa akaanza, akaeleza habari ya uji. Halafu mwingine akasema yeye hulala mchana kutwa na bado akaamka amechoka. Mwingine akasema hula udongo wa ukuta. Mwatima akasema, "Mimi nililia kwa sababu kuku ana miguu myembamba." Wakaangua kicheko, na Mwatima akaanza kumlilia kuku upya.

"Na mimi," akasema Bi Mboja, "nilimrushia somo wangu kinu. Kinu hakikuruka, lakini nia ilikuwepo."

Akawafunza. Kila mtu autazame mwezi, ajue mawingu yake huja ukiwa na umbo gani, asishtukizwe. Yakikaribia, amwambie mtu wake mmoja mapema, kabla mdomo haujachemka. Alale akipata nafasi. Atembee, asijifungie. Tumbo likikaza, kitambaa cha maji ya moto, na maji ya tangawizi wakati wa kunywa ukifika. Samaki wa chumvi ampunguze, hata kama roho inamwita. Ugomvi mkubwa auweke kiporo. Kama ni wa haki, utakuwepo hata damu ikishapita.

"Na kuna siku wingu huwa zito," akasema, na hapo hakucheka. "Ukiona giza limezidi, huoni faida ya kuamka, hutaki kula wala kuona mtu, usikae nalo peke yako. Njoo kwangu saa yoyote. Mlango wangu naurudisha tu, sijafunga komeo tangu mume wangu afe."

Wasichana wakaitika kwa kichwa.

"Na hili la mwisho, tegeni sikio. Mawingu si kosa lako. Lakini mkono ni wako. Ukivunja chombo cha mtu, usiseme mawingu yamevunja."

Kesho yake Mwatima alipoambiwa akateke maji akasema, "Nina mawingu." Keshokutwa, mawingu. Siku iliyofuata, mawingu. Bi Mboja akapita kwao akasimama mlangoni. "Mwatima, kwako ni masika?" Mwatima akabeba mtungi.

Ramadhani ikaingia.

Sasa, Ramadhani ya Mzee Shomari ilikuwa Ramadhani ya kijiji kizima. Mzee alizoea ugoro, na bila ugoro hakuwa mtu. Asubuhi aliweza kusema salaam aleikum. Adhuhuri aliitikia tu. Alasiri hakuongeleka. Aliligombeza jua. "Wewe, umekwama hapo?" Alimgombeza mbuzi kwa kutafuna mbele yake. Kuku mmoja alipita karibu na mkeka wake bila nia mbaya, akala teke, akarukia paani. Watu walipita mbali wakinong'ona, "Mwacheni mzee, ana saumu kali."

Mwezi ukanona. Asubuhi moja Kidawa akaamka, matiti yanauma, tumbo limejaa, sauti ya ufagio wa jirani inamkwaruza mpaka kwenye meno. Akayajua mawingu yake. Hakushtuka! Akamfuata mama yake jikoni akasema, "Mama, leo mawingu. Nikinyamaza usidhani nimekununia."

Bi Sanura akamtazama mwanawe. Akamwambia, "Kalale kidogo. Nitatwanga mwenyewe."

Ingekuwa hadithi ya wanawake peke yao ingeishia pale, kwa amani. Lakini alasiri ikafika. Mihogo imo chunguni, inasubiri tui. Kidawa ameketi juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi. Kwaru-kwaru-kwaru. Baba yupo mkekani.

"Nazi imekunwa?"

"Naikuna, Baba."

Kwaru-kwaru.

"Bado?"

"Bado, Baba."

"Nazi gani haishi? Wenzako wanakuna huku wanaimba. Imekunwa?"

Kidawa akavuta pumzi. Akaitoa. Akavuta nyingine, kama alivyofunzwa.

"Kidawa! Imekunwa?"

Kifuu kikaruka. Hakukilenga popote, naapa. Kikapita juu ya yule mbuzi wa kutafuna, kikapita juu ya kofia ya Mzee Shomari, kikagonga mtungi wa maji ya kufuturia. Pwaaa! Maji yakamwagikia mkeka, na mzee juu yake.

"Pepo!" Mzee Shomari akaruka. "Pepo karudi! Fundi Machano!" Akatoka mbio bila viatu, kanzu inachuruzika maji, akamkokota Fundi kutoka usingizini na tasbihi mkononi.

Na mnajua mtu aliyefunga alasiri, hana kazi, anatafuta cha kumvutia muda. Kijiji kizima kikafuata. Bi Mboja naye huyo, kwa hatua zake fupi.

"Mpunge!" akasema Mzee Shomari. "Mpunge sasa hivi, umvushe mto leo leo, Idi siisubiri!"

Kidawa alikuwa amesimama kando ya vigae vya mtungi. Fundi akafungua mdomo, "Ewe mgeni mtuku..." kisha akamwona Bi Mboja, na mdomo ukabaki wazi.

"Endelea, Machano," akasema Bi Mboja. "Unasema na nani?"

"Na... na pepo, Bibi."

"Si wamefungwa?"

Fundi akatazama juu, akatazama chini. "Huenda mmoja alichelewa kufungwa."

"Alichelewa!" Kicheko kikapita uani. Mzee mmoja akasema, "Machano, usikufuru, mdomo una saumu huo!" Kijana mwingine akauliza kama mnyororo ulikuwa wa ukindu. Fundi akatokwa jasho. Ama pepo hawafungwi Ramadhani, akosane na kijiji kizima, ama Kidawa hana pepo, naye alikula beberu wa bure.

"Si pepo," akasema kwa sauti ndogo.

"Sema wasikie hata wa nyuma."

"Si pepo! Nimesema si pepo!"

"Kama si pepo ni nini?" akafoka Mzee Shomari. "Mtoto mwenye akili zake atupe vifuu?"

Bi Mboja akamgeukia. "Shomari, mwanangu. Yule kuku aliye juu ya paa, kapandaje?"

Mzee Shomari akatazama paa. Kuku akamtazama yeye.

"Nilimpiga teke."

"Kwa nini? Una pepo?"

"Pepo wapi! Nina saumu. Mwili umenikaza, kichwa kinagonga, kila sauti inanichoma, mimi mwenyewe sijipendi..." Maneno yalikuwa yamemtoka mwenyewe, na sasa alikuwa akiyasikia.

"Sanura," akasema Bi Mboja, "mumeo akiwa hivyo humwitia ngoma?"

"Hapana, somo. Namtandikia mkeka kivulini, nawakataza watoto wasimsemeshe mpaka adhana."

"Nani alikufunza?"

"Sikufunzwa. Namtazama tu, najua." Bi Sanura akamwangalia binti yake, na kanga ikaenda machoni. "Na huyu namtazama kila mwezi, somo. Mimi pia yalikuwa yakinipata. Nilisahau, au nilijisahaulisha."

Kidawa akapiga hatua mbele.

"Baba, mtungi nimeuvunja mimi. Si pepo, wala si mawingu. Mkono ulikuwa wangu. Nisamehe. Nitakwenda kuomba mwingine kwa mfinyanzi, nimsaidie kukanda udongo mpaka nimalize deni."

Mzee Shomari alisimama pale na kanzu yake iliyolowa. Watu wote wanamtazama. Pepo hayupo wa kuulizwa, ngoma haipo ya kumfunika sauti. Yupo binti yake tu, na yeye hakujua pa kuanzia. Akakohoa. Akasema, "Ewe mgeni mtu..." akasita. Akaanza tena.

"Kidawa. Mwanangu. Unataka nini?"

Kidawa akafikiri. Angeweza kutaja ndimu. Angeweza kutaja mkeka.

"Nataka nisivushwe mto, Baba. Nataka kukaa nyumbani."

"Nani amesema utavushwa?"

"Wewe, Baba."

Mzee Shomari akayumba kama mtu aliyesukumwa. "Mimi? Basi labda... labda siku ile mimi ndiye niliyekuwa na pepo."

"Siku ile sawa. Lakini umesema tena leo, Baba," akasema Kidawa taratibu, "na leo wamefungwa."

Mzee Shomari akainamisha kichwa.

"Basi nilikuwa mpumbavu, mama," akasema, na akamshika mwanawe mbele ya watu wote, akalia waziwazi, saumu yake na kiu yake ya ugoro na vyote. Hakuna aliyecheka. Hata Mwatima alilia, ingawa Mwatima si ushahidi.

Fundi Machano alirudisha beberu, akaenda kupiga ngoma yake mpya kwenye harusi, na wasemao wanasema alipiga vizuri kuliko alivyopunga. Bi Mboja aliishi akazeeka mpaka akawa hawezi kusuka, na hata hivyo wasichana walikwenda wakaweka vichwa magotini mwake tu. Tangu siku hizo, makungwi wa kijiji kile wanapomfunza mwari mvua, humfunza na mawingu, na baba wa nyumba huitwa aketi nje ya mlango asikie.

Ndiyo, wewe, nakutazama wewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mdomo wa kumwuliza aliyelala juu yake si unao? Mwulize yeye. Na nyinyi mabinti, ukiulizwa, jibu, na ukivunja, okota.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia aamshwe, na aliyekunywa uji kwa kelele usiku huu anisamehe, nilikuwa namsikia.